Pemba Kwenye Mkoba wa Mama

Mama alipoanza kuacha mawe kwenye mchele, sikumwambia mtu. Amelea nyumba nzima hapa Mabatini, kwenye mlima unaotazama ziwa, kwa kuuza mchele soko la Mkuyuni, na wateja humfuata kwa sababu mchele wake hauvunji meno. Jiwe la kwanza nililolitafuna lilinikosesha raha wiki nzima. La pili lilinifanya nimpeleke kliniki ya macho.

Ana kisukari cha miaka mingi. Daktari, binti mdogo kuliko mimi, alimwamkia shikamoo, akamtia matone, akamwangalia ndani ya macho kwa muda mrefu mno. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Daktari akinyamaza, nimeshamaliza matanga. Alisema mishipa midogo nyuma ya jicho imeanza kuvuja damu, izibwe kwa miale ya leza kabla mama hajapoteza uwezo wa kuona. Kisha akasoma majibu ya damu: magnesiamu na zinki zilikuwa chini.

"Sukari ikipanda, mkojo unakuwa mwingi, na madini yanatoka nao," alisema. "Wenye upungufu huu mara nyingi tunawakuta macho yameharibika zaidi. Kama upungufu ndio unaoharibu, au vyote viwili vinaletwa na sukari, wataalamu bado wanabishana."

Mama akacheka. "Madini? Mbona mimi nayala kila siku."

Akafungua mkoba wake wa kanisani, akatoa kitambaa. Ndani yake kulikuwa na vipande vya pemba, ule udongo mgumu wanaoutafuna wajawazito. Sikuwa na habari. Alianza alipokuwa na mimba yangu, akasema, na tangu sukari imkataze vitu vitamu, pemba ndiyo starehe iliyobaki.

Daktari hakucheka. Alieleza kwamba udongo ule ukiwa tumboni hushika zinki na chuma cha kwenye chakula na kutoka navyo. "Mama, dagaa unaowala wanakupa madini, pemba inakunyang'anya."

Mama alikifunga kitambaa polepole, akaniachia nikishike mimi.

Pemba aliiacha. Mkoba niliukagua mara kwa mara, sioni haya kusema. Alikula dagaa, maharage, mchicha, akatafuna mbegu za maboga mahali pa pemba, akameza na vidonge alivyoandikiwa. Lakini leza aliikataa.

"Kilichokuwa kinaniumiza tumeshakijua," aliniambia. "Madini yakirudi, macho yatarudi yenyewe. Ya nini niende kuchomwa mboni?"

Nilimkumbusha maneno ya daktari, kwamba madini hayashiki nafasi ya dawa za sukari wala ya leza. Akaniita mwoga. Nikamjibu kwamba kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na yeye angekuwa mwoga kidogo angeyakimbiza macho yake. Akachukua ndoo, akaenda kumwagilia mchicha.

Niliogopa sana miezi ile. Nilimtazama akishuka ngazi za mawe kutoka nyumbani, mguu ukitangulia kupapasa, nami nikashindwa kula. Na kila alipomaliza kuchambua mchele akaingia ndani, niliuvuta ungo nikaupitia upya, nikiyatupa mawe nyuma ya nyumba asiyaone.

Alasiri moja alirudi kabla sijamaliza. Nilikuwa barazani, ungo magotini. Nikafumba kiganja.

"Umepata mangapi?"

"Hamna kitu, mama."

"Nipe mkono."

Aliketi karibu yangu, akaukunjua mkono wangu kidole kimoja kimoja. Hakuinama kutazama. Aliyagusa mawe kwa ncha ya kidole, vile anavyougusa mchele mpya kujua kama umekauka. Moja lilikuwa jeusi, kubwa kama punje ya mahindi. Hilo alikaa nalo zaidi.

"Hili lilikuwa chini?"

Nilitamani kudanganya. "Lilikuwa juu kabisa, mama."

Kule chini kivuko kilipiga honi, akageuza uso upande wa ziwa, akaurudisha bila kusema ameona nini.

"Waambie hospitali nakuja kwenye hiyo leza," alisema. Kisha akausukuma ungo kwangu. "Na huu mchele usiende sokoni mpaka umeupitia tena."