Dawa Iliyofungiwa Behewani

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ile tuliyoshuka milimani kwenda Morogoro kupanda garimoshi, mimi, dada yangu Mwanaidi na mjomba wetu Mloka. Ulikuwa wakati wa Mjerumani, reli ikiwa bado ngeni machoni petu. Mume wa dada alikuwa mpakuaji wa mizigo bandarini Dar es Salaam, naye alituma neno kwamba amepata chumba, aletewe mkewe. Mimi nilikuwa kigori, nikachukuliwa nikakae na dada siku za mwanzo.

Dada alikuwa na pumu tangu utotoni. Nyumbani hatukuiogopa sana. Ikimbana, mama alichoma majani makavu, dada akavuta moshi wake, na baada ya muda akarudi kupika. Basi mama alipomfungia majani hayo kwenye kitambaa, aliyaweka ndani ya tenga pamoja na unga na maharage, kama kitu cha kawaida tu.

Tulipofika stesheni, mjomba alimtazama.

“Mwanaidi, mbona unahema hivyo? Tunaweza kungoja safari nyingine.”

“Ni uchovu wa njia, mjomba. Mume wangu ananisubiri.”

Mjomba akaenda kukata tiketi. Mtu wa stesheni akapita akiamuru mizigo mikubwa yote iende behewa la nyuma. Tenga likachukuliwa, mlango ukapigwa kufuli.

Garimoshi lile lilikula kuni, na moshi uliingia madirishani kama tumekaa jikoni. Hatukwenda mbali, dada akaanza kukohoa. Kisha akaacha kukohoa, na hapo ndipo nilipoogopa. Kifua chake kilipiga mluzi, midomo ikabadilika rangi.

“Dawa,” akasema. “Imo kwenye tenga.”

Bibi mmoja wa Kizaramo, abiria mwenzetu, alimlegeza nguo na kumkalisha akiwa ameinama mbele. Akamgeukia mjomba. “Mmesafiri na mgonjwa, dawa yake mmeifungia kwa mizigo?”

Tuliposimama kwenye kituo kidogo cha porini, mjomba aliruka chini akakimbilia behewa la nyuma. Nilimwona akimshika mlinzi miguu. Mlinzi alitikisa kichwa tu. Kufuli halikufunguliwa mpaka mwisho wa safari. Filimbi ikalia, mjomba akarudi mikono mitupu.

Dada alikata roho kabla ya kituo kilichofuata, ameegemea bega la yule bibi. Tukashushwa pale. Mhindi mmoja Mwislamu, mwenye duka kando ya reli, alitoa sanda bila kutuuliza sisi ni nani, na vibarua wa reli wakachimba kaburi. Mama yangu alikufa hajaliona.

Mjomba alisema lazima shemeji aambiwe ana kwa ana, basi tukaendelea na garimoshi lililofuata. Tulimkuta stesheni, kanzu yake safi, amekuja tena kungoja. Alituona tuko wawili. Aliketi chini palepale katikati ya watu.

Tenga tulilipata salama hapo stesheni, halikupungua hata punje. Mjomba alipolifungua, majani yalikuwa juu kabisa. Akayatoa, akaniambia, “Nilimwona anahema, nikakubali neno lake kwa kuwa nilitaka tuondoke. Wewe usije ukakubali upesi hivyo.”

Ndiyo maana nimekuita, mwanangu. Kesho unapanda ndege kwenda masomoni, na kifua hicho umekirithi kwetu. Nimeona umepanga dawa zako chini ya nguo katika sanduku kubwa. Sanduku hilo utanyang'anywa uwanjani, likae usikoweza kulifikia. Zitoe. Ziweke kwenye mkoba utakaoupakata, pamoja na ile karatasi ya daktari. Mwambie mhudumu wa ndege, na anayeketi kando yako pia. Ukibanwa kidogo kabla ya kuondoka, sema hapohapo, usione haya kuwachelewesha watu. Hata kichwa kikikuuma au miguu ikivimba, usijikaze. Na vidonge vya mtu mwingine usimeze, hata akikupa kwa wema.

Mwenyezi Mungu akupe pumzi ya kwenda na ya kurudi. Akukutanishe na wenye huruma kila utakapofika, nasi atujalie uhai wa kukupokea ukiwa mzima. Amina.