Kompyuta ya Molo Haimtaki Asiye na Mtu

Asubuhi hiyo nilitoka Rhonda, mtaani kwetu, bila mpango. Nilikuwa nimechoka kuulizwa nyumbani: umekula, kazi umepata, unarudi saa ngapi. Lori moja lilikuwa linaenda Molo kuchukua viazi, na dereva hakuniuliza chochote. Nikaona huyo ndiye mtu wa kusafiri naye.

Nilishuka Molo kwenye mvua na baridi ya kukata masikio. Lojingi tatu zilikuwa zimejaa. Ya nne ilibakisha chumba kimoja, na mapokezini alikaa mama mwenye kofia ya sufu, macho kwenye kompyuta.

"Mtu wako wa karibu ni nani?"

"Sina, mathe. Hapo acha wazi."

Akabonyeza. Maandishi mekundu yakatokea: nafasi hii lazima ijazwe.

"Imekukataa," akasema. "Na isipokubali haitoi risiti. Bila risiti, mimi sitoi ufunguo."

Shule niliiacha mapema, lakini nimeshinda sana kwenye saiba, kwa kompyuta za kukodi, nikichungulia kazi za watu, kwa hivyo ugonjwa huu niliujua. Aliyetengeneza programu aliamuru nafasi ile isibaki tupu kamwe. Labda anaishi Milimani kwa matajiri, ambako hata mbwa ana mtu wa kupigiwa simu. Alitaka ukweli, na njia aliyoiona ni kumkatalia mgeni kusema hana.

"Andika Hakuna," nikamwambia.

Ikapita. Kompyuta sasa iliamini kwamba nina jamaa anayeitwa Hakuna, na ikataka nambari yake ya simu.

"Jaza sufuri."

"Tulikuwa tunajaza. Mgeni mmoja akaugua, tukapigia sufuri. Sufuri haishiki simu, boss."

Nikatazama mvua nje. Yeye akafuta Hakuna, akaandika jina na nambari haraka, bila kuangalia vidole. Risiti ikatoka.

"Umeweka ya nani?"

"Yangu. Wote wasio na mtu nawawekea yangu. Madereva, wauza mitumba, hata mhubiri mmoja. Kwa hii mashine niko na watoto kushinda mwanamke yeyote hapa Molo."

Nikacheka, nikachukua ufunguo kabla hajabadilisha nia. Mashine ilikuwa imeridhika, nami nilikuwa na kitanda. Nilikuwa nimefika katikati ya ngazi aliponiita.

"Wewe. Umekula?"

Nikasimama na mkoba wangu uliolowa.

"Bado," nikasema.