Betri Chini ya Kawa

Mwezi uliopita nilikwenda kung'oa jino. Daktari alichovya pamba kwenye kichupa, akaigusisha kwenye ufizi wangu, na harufu ya mafuta ya karafuu iliponipanda puani nikaanza kucheka. Mdomo wazi, shavu limekufa ganzi, nacheka peke yangu. Akaniuliza kama naumia. Ningemwambia nini? Kwamba kwa wengine hiyo ni harufu ya jino bovu, na kwangu mimi ni harufu ya matairi ya gari la mashindano? Nikaona bora nije niwaambie nyinyi.

Kwetu ni Wesha, Pemba. Gari lenyewe lilikuwa na urefu wa mkono wangu wa utotoni, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Ami Saleh, mdogo wake Baba, alirudi nalo kutoka Maskati, alikokuwa akifanya kazi kwa Mzungu mmoja mwenye wazimu wa kushindanisha magari ya rimoti kila Ijumaa. Mzungu alinunua jipya, la zamani akataka kulitupa, Ami Saleh akalidaka. Lilikuwa kuukuu tangu siku ile: bodi imepasuka na kuzibwa kwa gundi, rangi imebabuka, namba saba ubavuni imebaki nusu. Lakini mota yake ilipolia, nywele zilinisimama.

"Musije mukalita mdoli," alituambia mimi na Raya, binti wa Ami Khalfan, kaka mkubwa wa Baba. "Hili si la kuchezea. Hili la kushindania."

Akatufundisha kuliseti. Springi za mbele ngumu, za nyuma laini. Magurudumu yainame kidogo kwa ndani. Betri isogezwe nyuma ili mkia ukae chini. Gia ndogo ya mota ina meno. Ukiongeza meno gari linapata mbio lakini betri inakwisha upesi, ukipunguza linapungua mbio lakini linafika. Na matairi, ambayo yalikuwa ya sponji, yapakwe mafuta fulani yaliyonuka dawa ya kuchulia misuli, yaachwe yanywe, kisha yafutwe, ndipo yashike sakafu. Mimi niliyapenda mambo hayo kuliko chakula. Nilikuwa na daftari zima. Raya hakuandika neno, ila ukimpa rimoti alilipitisha gari baina ya makopo mawili ya maziwa bila ya kuyagusa. Mikononi mwangu lilitafuta ukuta.

Ami Saleh alipoondoka, gari na rimoti vilibaki kwetu, na chaja ikaenda kwa kina Raya. Sababu ilikuwa moja tu: chaja ile ilitaka kubanwa kwenye betri ya gari kubwa, na Ami Khalfan alikuwa na pikapu. Sisi tulikuwa na baiskeli.

Kisha vyama vikatuingia. Waliokuwapo Pemba miaka ile hawahitaji kuelezwa. Watu hawakununuliana dukani, hawakuzikana, na ndugu wa tumbo moja walipishana njiani kila mmoja akitazama miti. Baba akawa wa chama hiki, Ami Khalfan wa chama kile. Siku moja kwenye baraza walitupiana maneno ambayo sitayarudia, na jioni yake Baba akatangaza kwamba nyumba ile haijui. Nyumba yenyewe ilikuwa hatua mia kutoka kwetu, mbuzi wao walilala kwetu.

"Hwendi kule, Zuwena. Nshasema."

Ilipoingia Ramadhani, Mama akapika tambi, akapanga sahani kwenye sinia, akalifunika kwa kawa, akaniita mbele ya Baba. "Mpelekee mke wa ami yako. Futari haina chama." Nikatoka mbio kabla hajapata la kusema.

Hapo ndipo ujanja ulipoanza. Siku ya pili, pembeni ya bakuli la mchuzi, niliiweka betri iliyokwisha. Nililikabidhi sinia mlangoni na kurudi, maana hapo ndipo ruhusa yangu ilipoishia. Jioni iliyofuata Raya alileta sinia la kwao, ana haraka hiyo hiyo, na chini ya kawa, baina ya katlesi na maandazi, betri imejaa, imefungwa kitambaa cheupe. Nusura nipige kelele, nikakumbuka Baba yupo barazani anasubiri adhana.

Haraka yetu ilikuwa na sababu. Nassor, mtoto wa mwenye duka la vitambaa mjini Chake, alikuwa ameletewa gari jipya kutoka Dubai, magurudumu yote manne yanavuta, bodi nyekundu inang'aa. Alituma salamu kwamba Idi mosi atakuja Wesha, kwenye sakafu ya kuanikia karafuu ya marehemu babu yetu ambako watu wote hukusanyika kwa sikukuu, na kwamba kama lile gari la wasichana bado liko hai basi lije lizunguke naye mara ishirini. La wasichana! Sikulala. Nilitaka jambo moja tu duniani: Idi mosi gari letu likimbie, na rimoti iwe mkononi mwa Raya. Kwa mkono wangu tungeaibika.

Basi kila siku betri ikiwa kwetu, baada ya alfajiri, watu wa Ramadhani wamerudi kulala, nilikuwa peke yangu kwenye ile sakafu. Msimu wa karafuu wa vuli ulikuwa umekwisha karibuni na saruji ilikuwa bado nyeusi kwa karafuu. Mafuta ya Ami Saleh yalikwisha siku ya tatu. Nikachukua ya Mama ya makonyo, yale yanayotolewa kwenye vikonyo vya karafuu, nikapaka, nikasubiri, nikafuta, nikaachia. Jamani! Gari lililokuwa likiserereka lilishika kona nikashangaa. Nilirukaruka peke yangu mpaka kilemba cha kanga kikaanguka.

Na Raya je? Raya aliendesha kwa karatasi. Nilimwandikia, nikaipachika chini ya sahani: "Kona ya kulia mkia watoka." Kesho yake jibu: "Laini zaidi nyuma. Na mafuta mbele kidogo, nyuma mengi." Nikabadilisha, nikajaribu, nikaandika tena. Tulibishana mno kuhusu meno ya gia. Yeye alitaka mbio, mimi nilitaka lifike, na karatasi moja aliniandikia kwamba mimi mwoga toka kuzaliwa. Nilikula futari ile kwa hasira. Gia sikuibadilisha.

Jioni ya mwisho, mwezi umeshaonekana, Raya alileta betri na karatasi yenye mstari mmoja: "Baba kasema hakuna kwenda sakafuni kesho."

Asubuhi ya Idi nilivaa gauni jipya bila ya furaha. Baada ya sala na kutembelea jamaa, sakafu ilijaa. Na kila chama kilikaa upande wake, hawa kivuli cha mashariki, wale magharibi, kwenye uwanja mmoja, na nusu yao ni binamu. Nassor alifika na viatu vyeupe. Nikaweka gari kwenye mstari, nikashika rimoti. Watu walikuwa wakicheka ile namba saba iliyobaki nusu.

Ndipo nikamwona Ami Khalfan. Alikuja pole pole na kanzu yake mpya nyeupe pe, akaenda kukaa na wenzake. Nyuma yake, mtandio umemshuka, akaja Raya, sijui ameruhusiwa au ametoroka. Hakwenda kukaa. Alikatiza uwanja mzima, watu wanatazama, akanyoosha mkono.

"Lete."

Nilimpa. Sijui kama niliwahi kumpa mtu kitu kwa furaha kama ile.

Likaanza! Gari la Nassor liliondoka limetutangulia, wekundu mtupu, na letu nyuma yake likilia kwa sauti nyembamba. Kona ya kwanza, ya pili. Raya ameng'ata ulimi. Mzunguko wa tatu tukamkaribia, mimi nakimbia pembeni nikipiga kelele zisizo na maneno, na mzunguko wa tano, kwenye kona ya kushoto, gari letu likang'ang'ania sakafu, likainuka upande mmoja, likapinduka matairi juu. Likaburura kwa mgongo mpaka miguuni mwa Ami Khalfan.

Kanuni ilikuwa kwamba aliye karibu ndiye anayeligeuza. Nassor akatupita mzunguko mzima. Upande ule wote wanamtazama Ami Khalfan. Gari lilikuwa la nyumba ya mtu asiyesema naye, na marafiki wa chama chake wamemzunguka.

Aliinama. Akaliokota, akayanusa matairi, kisha akashika ncha ya mkono wa kanzu ile mpya akafuta matairi ya mbele, moja, la pili, mpaka kanzu ikawa na madoa ya hudhurungi. Halafu akainua kichwa, akapaza sauti juu ya vichwa vya watu, hadi upande wa pili.

"Khamis! Mafuta yamezidi mbele!"

Khamis ni Baba. Baba akasimama wima. Mwaka na zaidi hawajapeana hata salamu.

"Si mafuta!" akajibu kwa hasira. "Ni jua! Sakafu yatoka jasho saa hizi, mtoto kajaribu alfajiri!"

"Basi si ndo yamezidi!"

"Weka chini weye, lakimbia lile!"

Akaliweka chini. Baba alikuwa amesema kweli. Saruji ile imekunywa karafuu miaka hamsini, na jua la saa sita lilikuwa likiyatoa mafuta yake, sakafu inanata yenyewe. Mimi sikuliwaza hilo hata kidogo. Lakini sasa mbele palikuwa pamefutwa, na gari likaanza kukata kona namna ambayo sijaiona tena. Watu wakasimama pande zote mbili. Raya alimfutia Nassor ule mzunguko mmoja kidogo kidogo, na mzunguko wa kumi na saba gari jekundu likaanza kupunguza sauti. Betri! Lilitambaa, likasita, likasimama katikati ya kona. Letu lilipita pembeni yake taratibu, meno yangu machache ya gia yakihesabu, likamaliza ishirini.

Raya alinirukia tukaanguka wote. Alinong'ona sikioni mwangu, "Mwoga weye," akacheka mpaka akatoka machozi.

Ningependa kuwaambia kwamba Baba na kaka yake walikumbatiana. Hawakukumbatiana. Kila mmoja aliondoka na watu wake, na ilichukua miaka mingine minne na msiba mmoja kabla hawajakaa baraza moja. Kwa muda mrefu niliamini kwamba siku ile walijisahau tu kwa msisimko, kama tulivyojisahau sote.

Wote wawili sasa ni marehemu. Mwaka jana Raya, ambaye anaishi Tanga, alinipigia simu tukawa tunayakumbuka hayo, akanisifu. Akasema nilikuwa na akili toka mdogo, kila mara kuifunga ile betri kwa kitambaa cheupe isiingie mchuzi.

Nikamwambia, mimi sikuwahi kuifunga. Niliiweka hivi hivi. Yeye ndiye aliyekuwa akiirudisha imefungwa.

"Mie?" alisema. "Mie n'kiitia tupu."

Nikaifuata ile betri kichwani. Baina ya jiko letu na njia, jioni zile, nililiacha sinia kizingitini nikaenda kuvaa viatu, na mtu pekee aliyekuwa amekaa hapo ni Baba. Kwao, Raya akaniambia, aliyekuwa amekaa mlangoni ni baba yake.