Oili Niliyoiita Maji

Bangwe nzima, hapa Kigoma, inanijua mimi fundi. Miaka hii ya wakimbizi, hakuna lori la mahindi linalokwenda kambini bila kupita mikononi mwangu. Na oili nzuri ya injini mimi naijua kwa kidole tu: nachovya, nainua, ikichuruzika taratibu kama asali, hiyo ndiyo yenyewe.

Juzi akaja daktari mmoja aliyehamishiwa hapa kutoka Dar, na gari lake la turbo linalonguruma kama chui. Alitaka nimbadilishie oili, na alikuja na galoni yake mwenyewe. Nikachovya kidole. Ikakimbia kama maji!

"Dokta, umepigwa," nikatangaza mpaka barabarani wakasikia. "Hii imechakachuliwa."

Nikamwekea oili nzito ya lori. Ile yake nikaimwaga kwenye bawaba za geti langu, zilizokuwa zikilia miaka yote, mbele ya watu. Wakacheka, nami nikavimba kichwa.

Daktari alipotaka kuwasha, Mzee Nestori akamshika mkono. Ni mkimbizi wa Burundi aliyekuja kununua plagi, na alikuwa akitutazama tangu mwanzo.

"Oya, fundi. Ile uliyomwaga ni sintetiki, oili ya kisasa ya kiwandani. Imefanywa nyepesi makusudi, iifikie turbo haraka. Hii nzito itamuulia turbo."

"Umejuaje, mzee?" nikamuuliza.

"Bujumbura nilikuwa fundi wa magari ya mashindano."

Daktari akalisogelea geti langu, akalisukuma kwa kidole kimoja. Likafunguka lote bila mlio.

Lakini semeni kweli: Kigoma hii, nani ana geti kama lile?