Maiti Aliyekuja kwa Bodaboda

Nilikuwa nimechoka na video za kurukaruka. Wenzangu wa kazi hii ya kusafisha watu ngozi walicheza mbele ya simu na makopo ya losheni, na mimi nikacheza, nikapata watazamaji kumi na wanne. Nikahesabu tena. Kumi na wanne, na mmoja wao mimi mwenyewe.

Basi nikaamua kutengeneza kitu cha utulivu, cha kuvuta wamama wa heshima. Mteja wangu mmoja, dada ambaye kwao ni Kisondela, mwendo wa bodaboda tu kutoka kwangu, alikubali nimrekodi, nami nimsafishe uso bure. Nikamlaza chali kwenye kitanda changu pale Msasani, hii ya kwetu milimani, si ile ya pwani. Shuka jeupe mpaka shingoni, udongo mweupe uso mzima, pamba machoni, maua ubavuni. Nikaweka na wimbo wa kwaya, ule wa taratibu, maana wateja wangu wengi ni watu wa kanisani. Niliiona nzuri mno. Nikaipandisha mtandaoni, kisha tukazima simu zote mbili, kwa sababu kwangu mteja hasuguliwi huku anachati.

Baada ya saa mbili akawasha yake. Ilitetemeka mpaka ikataka kuanguka mezani. Simu sitini na moja zilikuwa hazijapokelewa. Nilihesabu mara mbili, zikabaki sitini na moja. Akampigia shangazi yake.

"Halo, shangazi?"

Sauti ya shangazi ikapaa: "We nani unatumia simu ya marehemu?"

"Marehemu gani? Ni mimi!"

"Mwizi mkubwa! Mtu hajazikwa, umeshabeba simu!" Akakata.

Tukafungua kundi la ukoo. Mtu alikuwa amekata picha kwenye video yangu na kuituma bila neno. Waliofuata ndio waliosema yote: nani anapeleka kuni, nani ndizi, nani amjulishe mchungaji. Huku kwetu msiba ukisikika watu hubeba mzigo kwanza, maswali huja baadaye.

Dada yule hakulia. Alisema tu, "Mama ana presha."

Ujumbe wangedhani ni wa mwizi, tukakimbilia barabarani. Dereva wa bodaboda alitaja nauli nikapanda bila kuomba apunguze hata mia, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Mteja wangu aligeuka kunitazama. Nadhani ndipo alipoogopa kweli.

Uwanja wa kwao ulikuwa umejaa. Wanawake walishajifunga vitenge kiunoni, masufuria yako motoni. Mikungu ya ndizi ilikuwa tisa, niliirudia, tisa. Tuliposhuka, kilio kilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Mwanamume mmoja akadondosha kuni. Yule dada alikuwa bado na parachichi nililompaka mwishoni, limebaki masikioni, kijani kabisa, na hilo halikutusaidia.

Mama yake alikuwa ameketi kwenye godoro, anashikiliwa huku na huku. Hakupiga kelele. Alimshika binti uso, akamkwangua parachichi kwa kidole gumba, akalinusa.

"Nani alikufunika shuka?"

Watu wote wakanitazama. "Mimi, mama," nikasema. "Nilikuwa natafuta wateja."

"Wateja! Ukamlaza mwanangu hivyo, na kwaya ukamwekea?"

"Naifuta sasa hivi, mama."

"Ukiifuta, walioiona watajuaje kama yuko hai? Wengine wako safarini. Piga nyingine. Aonekane anatafuna."

Wakamletea sahani ya ndizi zilizopikwa kwa ajili ya waombolezaji. Nikainua simu, na shangazi mtu, yule yule wa simuni, akanishika viwiko ili picha itulie. Nikajaribu kuwaomba wale wanawake wafungue kwanza vitenge kiunoni, ili video isionekane ya msiba.

"Hatufungui," akasema shangazi. "Amalize sahani kwanza."

Nikarekodi. Alikula ndizi zote, macho yanamtoka kwa jinsi zilivyo za moto, na mama yake hakumwachia mkono mpaka tonge la mwisho liliposhuka kooni.