Chupa ya lutuku na koti ya Bulaya

Baada ya watu kupora maduka na maofisi ya mji wetu, nilijikuta kwenye foleni ya maabara. Mbele yangu mama mmoja alifungua kikwembe, akatoa chupa yenye kipande cha nyama kilichokatwa kwenye ziwa lake.

Munganga, daktari wa maabara, aliifungua akanusa. "Mama, hii pombe ya lutuku?"

"Njo ile tuko nayo. Kule balinikata balisema dawa ya kuchunga nyama isioze hakuna."

"Hata hapa hakuna. Feza za serikali za kupima kansere haziyafika."

"Lakini, munganga, serikali ilikutuma Bulaya kusomea kansere."

"Ilinituma. Ililipa yote, hata koti ya baridi."

"Ile koti ingali, haikuporwa?"

"Ingali."

Mama akafunga tena chupa yake, polepole.

Basi tusiseme serikali haikufanya kitu juu ya kansere. Munganga hatasikia baridi.