Nilishinda kesi ya matunzo ya mtoto wa kaka yangu, na mpaka leo sijamwomba msamaha

Wakuu wa humu, nawasalimu. Wengi wenu ni wajukuu zangu kwa umri, kwa hiyo shikamoo zenu nimezipokea zote kwa pamoja.

Haya ninayoandika yalitokea. Sina sababu ya kudanganya, nimebakiwa na meno manne na siyatumii kutafuta sifa.

Wiki hii nimesoma uzi wa kijana aliyepima DNA, kakuta mtoto si wake. Anauliza afanye nini arudishiwe matunzo yote aliyotoa. Mmemjaza maneno: nenda mahakamani, mnyang'anye mpaka kijiko.

Mimi kesi ya namna hiyo niliishinda. Enzi za Mwingereza, DNA haipo hata kwa jina. Nikaondoka na nilichodai chote.

Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Kwetu ni Butiama. Mimi niliolewa Manyamanyama, Bunda, kwa ng'ombe kumi na mbili. Nataja idadi kwa sababu najivunia, wasichana wa rika langu walienda kwa nane, kwa tisa.

Nina maana kuwataja hao ng'ombe. Kwetu mahari ya dada ndiyo inamuolea kaka. Ng'ombe zangu zilimpa mke kaka yangu Magesa, mdogo wangu wa kunifuata. Na dada ambaye ng'ombe zake zimeoa, anakuwaga na sauti kwenye nyumba ya kaka yake. Akikohoa, wanasikiliza.

Mimi sikukohoa. Nilipiga kelele.

Yule mke alikaa miaka mitatu, hakuzaa. Mimi ndiye niliyemwita mgumba mbele ya watu kisimani. Akarudi kwao, ng'ombe zikarudishwa. Baadaye nikasikia ameolewa kwingine na ana mapacha. Nikasema ni uongo wa watu.

Kati ya ng'ombe waliorudi alikuwepo Mabaka. Jike wa madoa, mpole, anatoa maziwa mpaka kibuyu kinafurika. Huyo nilimpenda kuliko ng'ombe wote wa mahari yangu.

Magesa akaenda kuvua Rukuba. Kile ni kisiwa kidogo ziwani, unapanda mtumbwi Musoma. Alikuwa anarudi na samaki, ningu wa kukaushwa, anauza Bunda, anabakiza wa kumpelekea binti mmoja wa kijiji cha jirani na kwetu, anaitwa Perusi. Watu waliwaona wakiongea njiani. Hakuna zaidi ya hapo.

Safari moja alikaa sana kisiwani, hakuna aliyehesabu miezi. Aliporudi, Perusi ana tumbo.

Baba yake Perusi akambana binti, binti akamtaja Magesa. Wakaitana kwenye baraza la chifu. Mimi nikatoka Manyamanyama kwa miguu nikaenda, nimejiandaa kubisha.

Mzee wa baraza akauliza, "Magesa, hiyo mimba ni yako?"

"Ni yangu," akasema. Hakukuna kichwa, hakutazama chini. Ningesema alifurahi, lakini wakati ule sikujua kusoma uso wa mtu.

Kumuoa ikashindikana, baba yake Perusi alikataa binti yake kuolewa na mtu aliyewahi kuachwa. Basi baraza likaamua matunzo: Magesa atoe ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya mtoto, na mtama kila mavuno, mpaka mtoto akue.

Akamtoa nani? Mabaka.

Wakuu, nililia kama nimefiwa. Nikamwambia, "Ng'ombe wote hawa umemwona huyo tu?"

Akasema, "Dada, mtoto anataka maziwa. Huyo ndiye mwenye maziwa."

Mtoto akazaliwa, wa kike, wakamwita Nyamisi. Magesa alikuwa akishuka kutoka Rukuba anapita kwao kwanza, kisha ndipo anafika nyumbani. Alimnunulia kikombe cha bati chenye ua jekundu. Katoto kanatembea kwa kuyumba, kikombe mkononi, kanaenda kusimama pembeni mwa Mabaka kanasubiri. Kakimuona Magesa kanapiga kelele, "Baba! Baba!" mpaka majirani wanacheka.

Nyamisi alipokaribia kufikisha miaka mitatu, Mabaka alikuwa na ndama wawili. Ndama wangu, mimi nilivyokuwa nahesabu.

Sasa sikilizeni upuuzi wangu.

Nilikwenda nyumbani Butiama wakati wa palizi. Magesa hayupo. Nikachukua koti lake nishone mfuko uliotoboka. Ndani ya bitana nikakuta karatasi imekunjwa mara nne, ina muhuri wa serikali.

Mimi nimesoma madarasa mawili tu, yale ya kujiandaa kubatizwa. Lakini herufi naziunganisha, na namba na miezi naijua. Na nilikuwa najidai nayo, maana wanawake wengi wa rika langu wangeifungia tumbaku.

Ile karatasi ilisema kwamba Magesa alizuiliwa Rukuba kwa ajili ya ndui. Ndui iliingia kisiwani, serikali ikafunga, mtu haingii wala hatoki. Ilikuwa na tarehe ya kufungiwa na tarehe ya kuachiwa. Miezi minne.

Nikahesabu kwa vidole kurudi nyuma kutoka siku aliyozaliwa Nyamisi. Nikarudia. Nikahesabu na mara ya tatu kwa punje za mtama, nimezipanga chini.

Mimba ilitungwa kisiwa kimefungwa.

Mngeniona! Nilicheka peke yangu kama chizi. Sikungoja Magesa arudi. Sikumtumia salamu. Sikujiuliza kwa nini mtu anaficha ndani ya bitana karatasi ya kumwokoa. Nilikimbia kwa mzee wa baraza siku ile ile, mikono ina udongo.

Hilo ndilo kosa, wakuu. Mengine yote yalifuata tu.

Siku ya baraza Magesa ameitwa, amefika, hajui ameitiwa nini. Alipoona karatasi mkononi mwangu alisimama.

"Dada, nipe hiyo."

"Kaa chini," nikamwambia. "Leo nakutua mzigo."

"Dada, nakuomba."

Watu wakadhani anaona aibu kwa sababu alidanganywa. Hata mimi nilidhani hivyo. Karani akaisoma, akahesabu miezi mbele ya watu wote. Perusi akaanza kulia, akamtaja dereva wa lori la pamba aliyekuwa akipita njia ya Bunda. Wa kwenda asirudi.

Baba yake Perusi akasema ataenda bomani Musoma kwa Mzungu. Nikamjibu, "Nenda, karatasi yenyewe ni ya Mzungu." Watu wakacheka. Nilipenda kile kicheko.

Hukumu: Mabaka arudi pamoja na ndama zake. Mtama ulioliwa usamehewe. Mimi nikasimama tena nikasema mtama haukuota juani bila jembe, wakaniongezea mbuzi mmoja.

Magesa alikataa kwenda kumchukua ng'ombe. Nikaenda mwenyewe na shemeji yangu.

Kale katoto kakatoka na kikombe chake, kakafikiri tunataka kukamua. Tulipomswaga Mabaka kakafuata. Tukafika kijitoni bado kanafuata, kanasema, "Ng'ombe wetu, shangazi. Ng'ombe wetu." Kalikuwa kananiita shangazi kwa sababu Magesa ndivyo alivyokafundisha.

Nikakageukia. Nikasema, "Mimi si shangazi yako. Rudi kwa mama yako."

Kakasimama kando ya maji. Sikuangalia nyuma. Nawaambia ukweli, wakati ule nilikuwa nawaza maziwa.

Kesho kutwa yake Magesa akaja kwangu Manyamanyama. Nikamwekea kigoda, hakukaa. Nikamkaribisha uji, hakupokea.

"Nani alikutuma?" akauliza.

"Nimekuokolea mali yako. Asante huna?"

"Dada, nilijua yule mtoto si wangu kabla hujaigusa hiyo karatasi. Niko kisiwani miezi minne, nisijue?"

"Sasa ulikubali ya nini?"

Akasema, "Unakumbuka nilipougua perema?"

Nilikumbuka. Alikuwa kijana ameshaanza kuota ndevu. Alivimba mashavu, kisha uvimbe ukashuka chini, akalala wiki mbili hatembei. Mama alimfukizia majani.

"Mganga wa hospitali Musoma aliniambia sitazaa," akasema. "Yule mke wangu uliyemtukana kisimani alikuwa mzima. Mimi ndiye mbovu. Perusi naye nilimwambia. Alipopata shida akanijia mwenyewe, akasema, nitakutaja wewe, wewe upate mtoto na mimi nisifukuzwe kwetu. Tukakubaliana. Hatukumwibia mtu."

Wakuu, nilikuwa nimeshika mwiko. Nakumbuka uji ulikuwa unadondoka mguuni na siusikii moto wake.

"Ungeniambia," nikasema.

"Nikuambie wewe? Wewe?"

Akaondoka.

Akahamia Rukuba kabisa. Butiama alikuja mara moja, mama alipofariki, na aliondoka kabla ya chakula. Nikasikia kwa wavuvi kwamba kila mtumbwi ukivuka kuja Musoma, anaweka furushi la ningu lifike kwa Nyamisi. Baraza lilimwachilia matunzo, yeye aliendelea kutoa.

Mabaka aliugua ndigana, akafa hata mwaka haujaisha. Ndama mmoja akafuata. Kwa hiyo nilichoshinda nilikizika.

Miaka mitano baadaye, bendera bado ya Mwingereza, Magesa alifia kisiwani kwa homa. Wakamleta Butiama.

Kwetu mtoto wa marehemu ndiye anaanza kutupa udongo. Mzee wa ukoo akauliza, "Mtoto wake yuko wapi?"

Nyuma kabisa alisimama Perusi na Nyamisi, binti amerefuka, miguu ina vumbi la njia. Perusi akasema kwa sauti ya chini, "Kama shangazi yake ataruhusu."

Watu wote wakanigeukia mimi. Kwa sababu mimi ndiye niliyemtoa kwenye ukoo kwa karatasi, mimi ndiye ningemrudisha kwa neno moja.

Nilifungua mdomo. Nikakumbuka baraza zima lilivyocheka kwa maneno yangu, nikaona nikisema ndiyo watanicheka mimi sasa. Nikaufunga.

Mzee akasubiri. Kisha akachukua udongo akatupa yeye, na akasema maneno yanayosemwaga kwa mtu ambaye hakuacha jina.

Kaka yangu alizikwa kama mtu asiye na mtoto, na mtoto wake amesimama hatua ishirini kutoka hapo.

Nimekuwa na watoto saba na wajukuu nawapoteza hesabu. Wana kazi nzuri, wananitunza, nikipita hapa Nyasura ninapoishi sasa watu wananipisha. Lakini hakuna hata mmoja anayeitwa Magesa. Nilishindwa kulitoa jina lake mdomoni mwangu.

Miaka mingi baadaye nilikuwa Musoma sokoni. Mwanamke mmoja muuza dagaa akaacha meza yake akanijia, akapiga goti. "Shikamoo, shangazi."

Nikaitikia marahaba kabla sijamtambua. Alikuwa Nyamisi. Mgongoni kabeba mtoto wa kiume, kalala.

Nikauliza anaitwa nani, kwa kukosa la kusema.

"Magesa," akasema. "Ni jina la baba."

Akanifungia dagaa, akakataa hela.

Yule Magesa sasa ni mtu mzima, ana wanawe. Nyamisi bado yupo Musoma, naye amezeeka. Tumekutana mara nyingi, ananipigia goti, naitikia. Yale ya kijitoni na ya kaburini sijawahi kuyataja, wala yeye.

Kwa hiyo wewe kijana wa DNA, sikuambii usidai. Kama ulidanganywa, umia, ni haki yako. Ila kabla hujaenda kuchukua ulichotoa, kaa uwaze yule mtoto anakuitaje. Na nyie dada na mama mnaowasukuma wanaume mahakamani, kwanza muulizeni mwenyewe kama alidanganywa.

Mimi karatasi yangu ilikuwa ya kweli tangu mstari wa kwanza mpaka muhuri.

Sasa na mimi niwaulize, msinionee haya kwa ajili ya uzee. Niende Musoma nikamwombe msamaha Nyamisi, au kwa umri huu nitakuwa namtonesha tu? Nipeni maneno ya kuanzia. Nauli ninayo.